Nilitumwa Takawiri Kukaa na Nashon

Mwita, Nyaboke, na ninyi wengine tuliosoma pamoja ile kozi ya walimu wa kanisa: nimepata barua zenu tatu, zote zinauliza nilipotelea wapi wiki mbili bila kuaga, na moja inauliza kama ni kweli nimerukwa na akili. Nawajibu wote mara moja, na kwa Kiswahili, maana nikiandika Kijaluo Mwita atasoma jina langu tu. Akili ninazo. Lakini sehemu kubwa ya safari hii sikuelewa mbele wala nyuma, kwa hiyo msitegemee nitaieleza vizuri kuliko nilivyoielewa.

Kwanza mjue kilichonitoa nyumbani. Mwezi wa nne, mvua ikiwa imepamba moto, mtoto wa Dorka, mmoja wa waumini wangu, alishikwa na homa alasiri. Jina lake Ouko, miaka minne. Hospitali iko ng'ambo ya mto Kuja, na mto ulikuwa umejaa. Mwenye mtumbwi alisema tukitaka kuvuka tuje sasa hivi kabla jua halijatua, atajaribu. Mume wa Dorka yuko Kericho kwenye mashamba ya chai, basi Dorka akanitazama mimi. Nikasema tuombe, tungoje asubuhi maji yapungue. Kabla ya mapambazuko Ouko alikuwa amekufa.

Hakuna aliyenilaumu. Hata Dorka mwenyewe. Kila wiki alikuja kwangu na mayai mawili au mahindi machache, anasimama mlangoni, mimi nafumba macho naomba upesi upesi, kisha nasema Mungu akubariki na kuingia ndani. Mnaonijua mnajua napenda kuhubiri kupita kiasi. Sasa nikawa nasoma fungu la Biblia, nanyamaza, nalisoma tena, natangaza wimbo. Kufikia mwezi wa tisa nilikuwa nimekata shauri: naenda Migori kwa Pasta Elisha, aliye juu yetu sisi walimu wote, nimwambie naacha kazi.

Nyumbani hadi Migori

Nilikwenda kwa miguu, asubuhi hadi adhuhuri. Maneno yangu nilikuwa nimeyapanga. Pasta Elisha hakunipa nafasi ya kuyatoa. Alinikaribisha uji, akakaa mbele yangu, akasema, "Zablon, Mungu amekuleta. Ninaye mtu kisiwani Takawiri, Mwalimu Nashon. Moyo wake umelemewa. Nenda ukakae naye wiki moja."

Nikamwambia, "Pasta, mimi nilikuja kwa sababu..."

"Usimhubirie. Usimwombee kila saa. Kaa naye tu mpaka aseme yaliyo moyoni."

"Kwa nini mimi?"

Alifikiri, akanywa uji wake. "Kwa sababu wewe utaelewa," akasema.

Sikuelewa nitaelewa nini. Nilikaa na kikombe changu nikijiuliza kama huyu mzee haoni, au anaona na anafanya makusudi. Mtu amekuja kukwambia amechoka kubeba mzigo, nawe unamtwisha wa mwenzake. Nilikasirika, lakini mkewe alikuwa ameshanifungia viazi vya njiani, na ni vigumu kumkatalia mtu huku umeshika viazi vyake. Nikaahidi moyoni kwamba nitamaliza hii kazi moja, nirudi, niache.

Migori hadi Awendo

Ijumaa mchana nilipanda basi la kwenda upande wa Homa Bay. Lilikwenda vizuri hadi Awendo, likatoa mvuke, likazima. Dereva alifungua mbele akatazama ndani kwa muda mrefu. Tukashuka. Mama mmoja alituuzia sukari nguru na maji ya mtungini, tukakaa kando ya barabara kama saa tatu, kila mtu akimfundisha dereva kazi yake.

Kosa langu ni kwamba nilikuwa nimevaa tai na nimeshika Biblia. Bwana mmoja mwenye sanduku la mbao aliniona. "Mwalimu," akasema, "tuombee gari liwake, sisi tunachelewa." Wanaume wakavua kofia. Mama wa sukari nguru naye akaacha biashara, akainamisha kichwa.

Nilisimama. Nikafumba macho, nikafungua kinywa. Sikupata neno hata moja. Nilingoja, nikaona uso wa Ouko, nikafungua macho, nikafumba tena. Nilitamani ardhi inimeze. Nadhani nilisimama hivyo dakika tano. Mwishowe dereva, labda kwa kuchoka, akasema amina, watu wote wakasema amina, akaingia ndani, na gari likawaka.

Jamani, mikono niliyopewa! Yule wa sanduku alinipisha kiti chake cha dirishani. "Nimesikia wahubiri wengi," akawaambia wenzake, "lakini huyu anaomba moyoni. Hiyo ndiyo ina nguvu." Nilitaka kumwambia sikuomba chochote. Sikumwambia. Nilitazama nje njia nzima, na kila aliponiita mtumishi wa Mungu nilihisi nimemwibia kitu.

Asumbi, Sabato mbili

Kwa sababu ya saa tatu zile za Awendo, jua lilikuwa linazama tulipokaribia Asumbi. Ninyi mnajua desturi yetu Wasabato: Ijumaa jua likitua, hatusafiri. Nikamwambia kondakta anishushe. Abiria wakapiga kelele kwamba Homa Bay si mbali, kwamba Mungu hawezi kukasirika kwa maili chache. Kondakta akauliza kama nina mwenyeji hapo. Sikuwa naye. Wakanishusha na mfuko wangu karibu na misheni ya Wakatoliki, wakaenda zao wakitikisa vichwa.

Aliyeniokota ni katekista, mzee wa makamo aitwaye Kaspar, aliyekuwa akitoka kanisani na baiskeli. Hakuuliza dini yangu. Alinipeleka kwake, mkewe akaweka chakula mezani: ugali na mumi, yule samaki mwenye ndevu, ametiwa nyanya na kitunguu, harufu yake imejaa nyumba. Sisi mumi hatuli, kwa kuwa hana magamba. Nikasema kwa adabu kwamba samaki huyu siwezi. Kaspar akamtazama mkewe. Akasema kuku wapo nje, lakini leo ni Ijumaa, wao nyama hawali, hata kuchinja angeona haya. Basi tukakaa wote watatu tukimtazama yule samaki. Mke wa Kaspar akacheka mpaka akafuta machozi. Mwishowe nilikula ugali na mboga za majani, na mumi akaliwa na wenyewe.

Jumamosi sikusafiri, Sabato yangu. Jumapili nikajifunga niende, Kaspar akasema hapa Jumapili hakuna gari litakalosimama, na yeye hawezi kunisindikiza, Sabato yake. Nikawa nimepumzika siku mbili mfululizo bila kutaka. Nilikaa uani kwake. Alipotoka misa aliketi nami akaniuliza nakwenda wapi, nikamweleza habari za Nashon.

"Amefanya vizuri huyo pasta wenu," akasema. "Hata padri wetu ana padri wake. Anakwenda kwake anapiga magoti kama sisi. Na mimi nakwenda kwa padri. Wewe unakwenda kwa nani?"

Nikasema sisi tunakwenda kwa Mungu moja kwa moja.

"Ndiyo," akasema Kaspar, "lakini kwa mwanadamu, unakwenda kwa nani?"

Nilianza kumjibu kwa mafungu, mnajua ninavyojua mafungu, nikafika katikati nikasahau nilichokuwa nikithibitisha. Yeye hakubishana. Alikwenda kuziba pancha ya baiskeli yake. Niliudhika siku nzima, sijui nikimuudhikia yeye au nani.

Homa Bay

Jumatatu nilifika Homa Bay, na hapo ndipo mambo yalipozidi kuchanganyika. Ziwa lilikuwa bado halijarudi mahali pake tangu zile mvua kubwa za karibu na Uhuru. Miti imesimama majini, imekufa, na ukitafuta pale ulipokuwa ukipandia boti zamani unaonyeshwa maji tu. Niliulizia boti ya Takawiri. Nikaambiwa ipo, ila inangoja magunia ya chumvi. Magunia yalifika kesho yake.

Mwenye boti alikuwa mtu mnene, mpole, aitwaye Odera. Nilipomtajia Mwalimu Nashon alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Kumbe ni wewe," akasema. "Pole sana, japuonj." Japuonj ni mwalimu kwetu. Nikashangaa pole ni ya nini. Nikadhani ni ya safari.

Alinikalisha katikati, palipo pakavu, juu ya magunia. Akanifunika turubai. Mawimbi yalipoanza kuruka alipunguza injini na kuniuliza kama niko sawa, na hakumwuliza mtu mwingine hata mmoja, hata mama mjamzito aliyekuwa pembeni yangu. Nilipotaka kusaidia kukumba maji alininyang'anya kopo. "Wewe pumzika. Tumeambiwa upumzike."

"Mmeambiwa na nani?"

"Mwalimu Nashon ametuambia kuna mgeni anakuja, moyo wake hauko sawa. Ametuomba tusimsumbue kwa maswali."

Nikajisemea, maskini Nashon, hali yake ni mbaya kuliko nilivyodhani. Ugonjwa wake anawatwika wageni. Nikamwonea huruma kwa mara ya kwanza, na nikaona kwamba labda kweli kazi hii ilihitaji mtu mzoefu.

Takawiri

Nashon alikuwa akitungoja majini, suruali imekunjwa magotini. Mtu mrefu, kijana kuliko mimi, anatabasamu. Alininyang'anya mfuko. Nyumbani kwake nilipewa kitanda chake, yeye na mkewe Peres wakalala jikoni. Nilipokataa alisema kwa sauti ya chini, kama unavyosema na mtu aliyeamka kwenye homa, "Haidhuru, ndugu yangu. Hapa huna la kufanya. Kaa tu."

Kesho yake baada ya chai alitoa viti viwili, akaviweka mbele ya nyumba palipo na kivuli cha paa. Akakaa kimoja. Mimi nikakaa kingine. Nikakumbuka maagizo: usimhubirie, usimwombee kila saa, kaa mpaka aseme. Nikangoja aseme. Alikuwa anatazama ziwa, kisha ananitazama mimi kwa upole, kisha ziwa. Nikamtazama kwa upole. Akakohoa. Nikasogea nisikie. Hakusema kitu. Peres alituletea samaki, ngege wa kuchoma, tukala, tukanawa, tukarudi vitini. Jua lilizunguka tukahamisha viti. Hiyo ilikuwa Jumatano.

Alhamisi ilikuwa hivyo hivyo. Watu waliokuwa wakianika omena, dagaa wa ziwani, walianza kupita mbali. Jioni nilijaribu kumsaidia: "Ndugu Nashon, kama kuna jambo, mimi nipo."

Macho yake yaling'aa. "Ndiyo," akasema. "Na mimi nipo."

Nilifikiri, huyu mtu ni mgumu ajabu.

Ijumaa asubuhi alipotoa viti, Peres alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama kati yetu. Huyo mama ni mfupi, na nilikuwa sijamsikia akisema zaidi ya karibu na asante. "Nauliza tu," akasema. "Siku ya tatu hii. Kuni ninapasua mwenyewe. Mgonjwa ni nani?"

Nikamwonyesha Nashon kwa jicho, kwa adabu. Nikaona Nashon naye ananionyesha mimi kwa jicho.

"Ana barua," Peres akasema. Akaingia ndani akaileta. Ilikuwa ya Pasta Elisha, mwandiko wake ule wa kulala; ilinipita njiani nilipokwama Asumbi. Nashon aliona haya kunipa, lakini Peres alinipa. Ilisema: *Nakuletea Mwalimu Zablon. Moyo wake umelemewa. Usimhubirie. Kaa naye tu mpaka aseme yaliyo moyoni. Namtuma kwako wewe kwa sababu utaelewa.*

Niliisoma mara mbili. Kisha nikamweleza Nashon niliyoambiwa mimi kule Migori, neno kwa neno, na nikaona tabasamu lake linaanguka. Alikaa chini, si kwenye kiti, bali mchangani. "Amejuaje?" akasema. "Mimi sikumwambia mtu. Hata huyu sijamwambia." Huyu ni Peres, na Peres alikuwa amesimama palepale.

Mimi nilikuwa nimekasirika hata masikio yakawa moto. Tumefanywa watoto, nilisema. Pasta ametudanganya. Peres akauliza, "Amesema uongo gani?" Nilitafuta huo uongo mmoja. Sikuupata. Kila mmoja wetu alikuwa ameambiwa kweli juu ya mwenzake, na kila mmoja alikuwa tayari kuvuka ziwa kumsaidia mtu, lakini kusaidiwa yeye, hapana. Hilo hatukufundishwa kwenye kozi, mnakumbuka. Tulifundishwa kutembelea wagonjwa tu.

Nashon alianza yeye. Alisema boti ilizama mwezi wa sita, wakafa watu wanne, na yeye ndiye aliyetumwa kwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia wake zao. Nyumba ya nne mwanamke alimwona anakuja akaanza kulia kabla hajafika. Tangu siku hiyo, Nashon akiona mtu anakuja kwake anajificha nyuma ya jiko. "Juzi tu nilikuja majini kukupokea kwa kuwa nilijua wewe ndiye mgonjwa," akasema. "Mgonjwa simwogopi." Alilia, na Peres akaweka mwiko chini akaketi karibu naye.

Kisha wakanitazama mimi. Nikaeleza habari za Ouko, kama nilivyowaeleza ninyi hapo juu. Nikafika mahali pa tungoje asubuhi, nikanyamaza.

"Uliamini Mungu atamponya," Nashon akasema.

Hapo ndipo nilipolisema, na sijawahi kulisema popote. Nikasema hapana. Siku ile nilikuwa nimezika watu wawili, mmoja asubuhi, mmoja saa nane, vijiji mbalimbali, kwa miguu, kwenye matope. Nilipoitwa kwa Dorka nilikuwa nataka kulala. Kuuvuka mto kungemaanisha kukesha hospitalini. Nikasema tuombe kwa sababu nilikuwa nimechoka. Imani haikuwepo mahali pale. Nilikuwa nataka kitanda changu.

Nilingoja waniambie Mungu amenisamehe, na nilikuwa tayari kuwakasirikia. Hawakusema. Peres aliuliza kama Dorka anajua. Nikasema hajui. Akauliza kama nitamwambia. Nikasema siwezi, ataanza kunichukia. "Basi mwache akuchukie," Peres akasema, akainuka kwenda kutazama ugali wake.

Kurudi

Nilikaa hadi Jumatatu. Nilipasua kuni. Nashon aliniambia mambo mengine ambayo si ya kuandika, nami nikamwambia yangu, na saa nyingine tulicheka ile habari ya viti mpaka Peres akatukemea. Sisemi nilipona. Katika boti ya Odera, safari hii nilikumba maji mwenyewe, naye hakunizuia. Migori nilipita kwa Pasta Elisha. Nilitaka kumfokea. Aliniuliza, "Nashon hajambo?" Nikasema hajambo kidogo. Akasema, "Na wewe?" Nikasema sijui. Akasema vizuri, akanipa uji. Habari ya kuacha kazi sikuitaja, kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja aliyepaswa kusikia kabla yake, na huenda yeye ndiye angenifukuza.

Nilikwenda kwa Dorka siku iliyofuata, asubuhi. Alikuwa anapepeta mtama. Aliponiona aliweka ungo chini, akasimama, akainamisha kichwa na kufumba macho, akingoja niombe. Nikamwambia afungue macho. Nikamwambia yote: maziko mawili, matope, kitanda. Nikasema mwenye mtumbwi alikuwa tayari, mimi ndiye sikuwa tayari. Sikuyafanya kuwa mahubiri.

Dorka aliinama akaokota punje za mtama zilizomwagika. Kisha akasema, bila kunitazama, "Nilipouona ule mto niliogopa. Uliposema tungoje, nilifurahi, Mwalimu. Mtoto wangu anaungua mikononi mwangu, na mimi nilifurahi."

Akapangusa vumbi la mtama mikononi.

"Miezi mitano nakuja kwako nikwambie hilo," akasema. "Kila nikifika, unaomba."

Basi siku hiyo sikuomba. Niliketi chini kando ya ungo wake, na Dorka akaanza kunisimulia habari za Ouko, tangu siku aliyozaliwa.